Rauta ya Geto: Kabla Hujaflashi, Igeuze Usome Stika

Oya wana wa Mabwerebwere, na nyie wa Kimamba, Rudewa mpaka Mikumi, wote mnaoishi geto moja watu watatu wanne na bando moja: hii ishu ya kuflashi rauta inawahusu nyie kuliko msela wa Masaki mwenye faiba isiyoisha. Yeye mtandao ukizingua anapiga simu, fundi anakuja na gari. Nyie bando la wiki likikata Jumanne, mnaangaliana tu, kila mtu anamshuku mwenzake. Rauta inajua nani kalila, ila ile programu iliyokuja nayo kutoka kiwandani haijafundishwa kuwaambia.

Programu hiyo ndiyo femuwea. Unaweza kuitoa ukaweka nyingine (huko ndiko kuflashi), bure, iliyoandikwa na wana wa dunia nzima wanaojitolea. Msimamo wangu nautoa mapema: weka OpenWrt. Ila kijiwe kinachobishana majina ya femuwea kabla ya kujua rauta gani ipo mezani kinapoteza muda. Jibu lako limeandikwa kwenye stika iliyobandikwa chini ya boksi, na nitarudi kwenye hiyo stika maana ndiyo inayowaliza wengi.

Kwanza ujue hiki kitu kilitoka wapi, kwa sababu watu wanadhani ni uhuni. Siyo uhuni. Desemba 2002 kampuni ya Linksys ilitoa rauta inaitwa WRT54G, lile boksi la bluu na nyeusi lenye antena mbili. Mwaka uliofuata Cisco wakainunua Linksys, na mwaka huohuo wa 2003 wataalam wakachungulia ndani ya ile rauta wakakuta Linux. Sasa Linux ina leseni yake, GPL, na leseni hiyo iko wazi: ukiisambaza programu, toa na msimbo wake. Wakabanwa, wakautoa. Januari 2004 OpenWrt ikazaliwa kutokana na msimbo huohuo. Kwa hiyo ile WRT ya mwisho kwenye jina ni kumbukumbu ya rauta iliyofunguliwa kwa sababu watu waliidai haki iliyoandikwa.

Halafu kuna DD-WRT, kazi ya Mjerumani Sebastian Gottschall, toka 2005. Ina menyu nyingi kinoma, kila kitu kimeshapangwa, na inazishika vizuri rauta za zamani zenye chipu za Broadcom, ambazo OpenWrt inazikwepa kwa sababu madereva yake ya waifai hayako wazi. Ukipewa rauta kuukuu na mjomba wako wa Dar na ndani kuna Broadcom, DD-WRT ndiyo sehemu ya kuanzia kutafuta. Kuna na FreshTomato, mtoto wa ile Tomato ya Jonathan Zarate: sura yake nzuri, grafu za matumizi zinasomeka, ila boksi inazozikubali ni chache na huku kwetu kuzipata ni shughuli. Sizungumzii zaidi.

OpenWrt naikubali kwa sababu iko hai. Mwaka 2016 timu yao ilipasuka, kundi moja likaanzisha mradi wa LEDE, mwaka 2018 wakarudi nyumba moja, na tangu hapo matoleo yanatoka. Kuwa hai ni ishu ya usalama, siyo sifa. Mei 2018 kirusi cha VPNFilter kilikutwa kwenye rauta zisizopungua 500,000 katika nchi 54, za Linksys, MikroTik, Netgear na hao hao TP-Link waliojaa madukani kwetu. Rauta ambayo kiwanda kimeacha kuitolea masasisho ni mlango ambao kitasa chake hakitengenezwi tena, na wewe kupitia mlango huo unatuma hela za M-Pesa.

Haya, igeuze sasa hiyo rauta.

Chukua TP-Link TL-WR841N. Hii chuma ipo kila kona, ofisi za kata, steshenari, mageto ya wanachuo. Nje zinafanana. Lakini kwenye stika kuna maandishi madogo: Ver 9, Ver 13, Ver 14. Hapo ndipo wana wanapigwa. Ver 13 ina fleshi ya MB 8 na RAM ya MB 64. Ver 14, ambayo ni mpya zaidi, imerudishwa nyuma: MB 4 na MB 32. Namba kubwa, mashine ndogo. OpenWrt walishatangaza kwamba boksi za 4/32 hawazibebi tena. Toleo la 19.07 ndilo lilikuwa la mwisho kwao, na nalo lilifungwa 2022. Ukilazimisha, utapata kitu kinachowaka, ila hutakuwa na nafasi ya kuongeza hata kifurushi kimoja, na RAM ikijaa inajizima katikati ya mechi.

Kwa hiyo sheria ya geto: 8/64 ni ya kubanana, inafanya kazi za msingi. Ukitaka kupumua, anzia MB 16 za fleshi na MB 128 za RAM. Mfano kipo kile kiboksi cha njano cha GL.iNet, GL-MT300N-V2, watu wanakiita Mango. Ni kidogo kinaingia mfukoni, kinakuja na OpenWrt tayari kutoka kiwandani (wameivalisha sura yao), na kinakula umeme wa volti 5 kwa waya wa simu.

Hiyo volti 5 nataka tuielewe vizuri, maana huku umeme unakata bila hodi, na hata usipokata, Luku inaisha. Kiboksi cha volti 5 unakichomeka pawabenki, maisha yanaendelea. TL-WR841N yenyewe inataka volti 9. Nimeona watu wana betri ya sola ya volti 12 wanataka kuunga moja kwa moja. Mwanangu, usifanye hivyo, tafuta kishusha volti, ni kidude cha bei ndogo kwa mafundi redio. Soma adapta, soma stika, ndipo uunge.

Sasa mtandao wenyewe unaingiaje? Huku faiba hadi mlangoni siyo habari yetu bado, wengi tunakula 4G ya simu. Ile rauta ya laini unayouziwa na kampuni ya simu usiiflashi: nyingi zimefungwa kwenye mtandao mmoja na chipu zake OpenWrt haizijui. Iache na femuwea yake, iweke kwenye kona yenye mnara mzuri, halafu toa kebo upeleke kwenye rauta yako uliyoiflashi. Ya kampuni inaleta maji, ya kwako inagawa. Kama huna kabisa rauta ya laini, tumia simu: rauta yenye tundu la USB unaichomeka Android kwa waya, simu inatoa bando, rauta inalisambaza. Kwenye OpenWrt ya kawaida utaongeza kifurushi kinaitwa kmod-usb-net-rndis, na ndiyo maana nilikuwa nakazania MB za fleshi. Kwenye Mango kitu hicho kimeshawekwa. Simu inachajiwa na haichemki kama unapowasha hotspoti siku nzima.

Hapa ndo utamu unapoanza.

Kifurushi cha kwanza: nlbwmon. Kinahesabu MB za kila kifaa na kukuonyesha kwenye chati. Dogo anayedai "mimi nilikuwa WhatsApp tu" utamuonyesha, na mara nyingi mtakuta siyo yeye, ni simu ya mtu ilikuwa inajisasisha yenyewe usiku. Mageto yanavunjika kwa hasira ambazo namba zingezimaliza kwa dakika mbili. Angalizo moja: simu za siku hizi, kuanzia Android 10 na iOS 14, zinajibadilishia anwani ya waifai. Kila mtu aingie kwenye mipangilio ya waifai ya geto achague anwani halisi ya kifaa, ndipo hesabu ikae sawa.

Cha pili ndicho ninachokipenda kuliko vyote: SQM. Unajua ile hali mmoja anapandisha video, wote mnaganda? Spidi ipo, ila kila kitu kimejazana kwenye foleni moja. Ni kama mashine ya kusaga wakati mmoja ameleta magunia kumi na mtoto katumwa na kibaba kimoja cha mahindi. Mwenye mashine mwenye akili anamsagia mtoto katikati, na mwenye magunia wala hasikii maumivu. SQM ni huyo mwenye mashine. Pima spidi yako jioni, saa ambayo mnara umeelemewa, kisha iambie rauta itumie kama asilimia 85 ya hiyo. Unajinyima kidogo, lakini simu ya sauti ya WhatsApp kwa bimkubwa haikatiki hata kama mwenzio anashusha muvi. Rauta nyingi za kiwandani za bei ya kwetu hazina hiki kitu. Kwenye OpenWrt ni bure.

Cha tatu, adblock. Matangazo yanakataliwa kabla hayajala bando lako. RAM ya MB 64 chukua orodha ndogo, ya 128 unaweza kujiachia kidogo.

Kuflashi kwenyewe ni dakika chache, ila ni dakika za nidhamu. Unahitaji laptopu na kebo, simu peke yake itakusumbua; omba steshenari au mwalimu. Tafuta boksi lako na vesheni yake kwenye orodha ya OpenWrt, pakua faili lililoandikwa "factory" kwa mara ya kwanza. Lile la "sysupgrade" ni la masasisho ya baadaye. Kwa boksi hizi ndogo faili halizidi MB chache, chini ya klipu mbili tatu za TikTok. Hakiki namba ndefu ya sha256 iliyoandikwa pembeni ya faili, maana mtandao wetu unakata njiani na faili bovu linaua boksi. Halafu pandisha kwa kebo, siyo waifai, na rauta iwe kwenye umeme wa kuaminika. Umeme ukikata katikati ya kuandika, boksi linabaki tofali.

Ikiwaka, usipaniki: waifai hutaiona. OpenWrt inakuja na waifai imezimwa kwa makusudi, ili isikae wazi bila nywila. Ingia kwa kebo, 192.168.1.1, jina root, weka nywila kwanza, ndipo uwashe waifai. Wengi huwa wanadhani wameharibu hapo hapo, wanaitupa.

Na hata ikiwa tofali, TP-Link nyingi zinafufuka. Unaipa laptopu anwani 192.168.0.66 (baadhi ya boksi zinataka nyingine, hakiki ya kwako), unafungua programu ya TFTP yenye faili la uokoaji, unabonyeza riseti huku unaiwasha, yenyewe inakuja kuomba faili. Jina la faili lazima liwe lile ambalo boksi lako linalitafuta, herufi kwa herufi. Liandike kwenye karatasi kabla hujaanza, maana ukishakwama hutakuwa na mtandao wa kulitafuta.

Kuna wanaoflashi ili wapandishe nguvu ya antena ifike nyumba ya tano. Hapana. Kwenye mipangilio ya waifai weka nchi TZ, iache hapo. Rauta ikipiga kelele, simu yako kule mbali inaisikia ila haina sauti ya kujibu, kwa hiyo hujapata kitu zaidi ya joto. Sogeza rauta dirishani, mbali na bati. Na hayo mambo ya nguvu ndiyo yaliyowaponza TP-Link huko Marekani: Agosti 2016 walikubali kulipa dola 200,000 kwa mamlaka ya mawasiliano, FCC, na ndani ya makubaliano hayohayo wakaahidi kutowafungia milango watu wa femuwea huria. Hapa nyumbani, TCRA walitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN wajisajili, kwa hiyo ukiweka VPN ya WireGuard kwenye rauta lijue hilo. Kuuza waifai kwa jirani nako ni biashara ya leseni. Mkitaka kufanya jambo la kijiji kizima, wenzetu wa Kondoa, Dodoma, wana mtandao wa jamii waliouanzisha na wataalam wa Chuo Kikuu cha Dodoma; hao ndio wa kuwauliza.

Kuna kitu ambacho hakihitaji bando kabisa na nakitamani kila kata. Rauta yenye USB, chomeka fleshi, jaza mitihani ya zamani ya NECTA na noti za PDF, rauta izigawe kama kurasa. Dogo wa kidato cha nne anakaa barazani, anaunga waifai, anasoma na anapakua bila salio hata la jero. Mnara ukilala, hii haijali.

Basi kabla hujatuma hela Kariakoo, mwandikie muuzaji hivi: "Braza, nipigie picha stika ya chini ya rauta, nataka niione Ver na volti, ndo nitume." Akituma picha ya boksi la kadibodi badala ya stika, tafuta duka lingine.