Urithi wa Treni na Nyumbu: Njia ya Baiskeli kutoka Pittsburgh hadi Washington

Kati ya jiji la Pittsburgh, magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, na Washington, mji mkuu wa Marekani, ipo njia ya baiskeli inayokaribia kilometa 540, ambayo mwendeshaji huifuata kwa siku kadhaa akipita misitu, mabonde ya mito na miji midogo, huku magari akikutana nayo hasa pale njia inapokatiza barabara. Kwa hakika ni njia mbili zilizokutanishwa katika mji wa Cumberland, jimboni Maryland. Ya kwanza, iitwayo Great Allegheny Passage, ina kilometa 241 na kwa sehemu kubwa imelazwa juu ya matuta ya reli zilizoachwa. Ya pili, yenye kilometa 297, ni kijia kilichokanyagwa na nyumbu, yaani wanyama chotara wa punda na farasi, waliokuwa wakivuta mashua katika Mfereji wa Chesapeake na Ohio. Mgeni anayeingia humo huona miti na maji na kudhani kwamba ameyakimbia mambo ya viwanda, ilhali wepesi wote anaousikia miguuni ulitafutwa na wahandisi waliotaka kusafirisha makaa ya mawe kwa gharama ndogo.

Sababu yake iko katika tabia ya chuma. Gurudumu la chuma likiviringika juu ya reli ya chuma hupata msuguano mdogo sana, na ndiyo maana injini moja huweza kuvuta mabehewa mengi kwenye tambarare. Lakini uhaba huohuo wa msuguano huiadhibu treni inapokabili mlima, kwa kuwa magurudumu hukosa pa kushika yakaanza kuteleza. Wajenzi wa reli kwa hiyo walifuata kingo za mito, kwa sababu mto umekwisha kuichonga njia yenye mteremko mdogo kupita milimani, na pale mto ulipowaacha walitoboa handaki au wakainua daraja. Kutoka Pittsburgh njia huandamana na mto Monongahela, kisha Youghiogheny, kisha Casselman, ikipanda mita 510 hivi katika umbali wa kilometa zipatazo 200, kiasi ambacho mpanda baiskeli hakioni kwa macho, ila hukisikia jioni mapaja yanapoanza kulalamika.

Kilele cha njia, chenye kimo cha mita 729, kiko karibu na mji wa Meyersdale, juu ya kigawamaji cha mashariki mwa bara hilo. Kigawamaji ni tuta la nchi linaloamua mvua itiririkie wapi, kama lile linalotenganisha mito ya Kongo na Nile huko Rwanda na Burundi: tone linaloangukia magharibi hufuata mito mitatu iliyotajwa, likaingia Ohio na Mississippi hadi Ghuba ya Meksiko, na linaloangukia mashariki huishia katika mto Potomac na Ghuba ya Chesapeake. Upande wa magharibi wa kilele lipo daraja refu la Salisbury, lenye mita 582, na upande wa mashariki kuna handaki la Big Savage, lenye urefu wa kilometa moja hivi, ambalo hufungwa kwa milango wakati wa baridi ili barafu isiupasue ukuta wake. Kutoka kileleni njia hushuka mita 540 katika kilometa 38 tu hadi Cumberland, na kwa sababu hiyo wengi huanzia safari Pittsburgh, wakapanda polepole na kushuka kwa kasi.

Uso wa sehemu hii ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, ambayo vumbi lake laini hushikamana likilowa na kushindiliwa, likafanya sakafu ngumu inayopitisha maji kuliko udongo. Chombo kinachotangazwa kwa njia za namna hii ni baiskeli ya changarawe, ambayo ni ya kati baina ya baiskeli ya mashindano ya lami na ile ya milimani: ina usukani uliopinda kuelekea chini, breki za diski na tairi zenye upana wa milimeta 35 hadi 50, zinazojazwa upepo mdogo ili zibonyee juu ya vijiwe badala ya kurukaruka. Wauzaji wangependa iaminike kwamba safari haiwezekani bila baiskeli hiyo. Ukweli ni kwamba baiskeli yoyote imara yenye breki nzuri, hata ile nzito yenye keria inayobebeshwa mikungu ya ndizi vijijini Afrika Mashariki, ingemfikisha mwenyewe Washington.

Kuanzia Cumberland mambo hubadilika. Ujenzi wa mfereji ulizinduliwa tarehe 4 Julai 1828 na Rais John Quincy Adams, na siku hiyohiyo mjini Baltimore ukazinduliwa ujenzi wa reli ya Baltimore na Ohio, mshindani wake. Reli ilifika Cumberland mwaka 1842. Mfereji ulifika 1850, ukiwa umechoka na umejaa madeni, wala haukuendelea hadi mto Ohio uliokuwa umekusudiwa. Handaki la Paw Paw peke yake, lenye mita 950 na lililojengwa ili kukwepa mizunguko ya mto Potomac, lilianza kuchimbwa mwaka 1836 na likakamilika pamoja na mfereji wenyewe. Halina taa, hivyo mpitaji huhitaji tochi na busara ya kushuka na kukokota baiskeli.

Mashua zilipandishwa kwa malango 74. Lango la mfereji ni chumba cha mawe chenye milango kila mwisho: mashua huingia, mlango wa nyuma ukafungwa, maji yakaachiliwa kutoka juu mpaka mashua iinuke kufikia usawa wa sehemu inayofuata. Kwa kuwa maji kati ya lango na lango hayana mteremko wa kutajika, kijia nacho ni tambarare, kikiwa na kipando kifupi kando ya kila lango. Kwa macho ya mwandishi huyu, hiki ndicho kipande chenye uzuri wa kweli, ingawa udongo wake hugeuka tope baada ya mvua na mizizi ya miti hutikisa mikono kwa saa nyingi. Kambi za bure zenye choo na pampu ya maji ya mkono zimepangwa kandokando yake.

Mafuriko ya mwaka 1924 yalikomesha biashara ya mfereji, na miaka thelathini baadaye ulikaribia kufutwa kabisa. Mwanzoni mwa 1954 gazeti la Washington Post liliunga mkono mpango wa kujenga barabara ya magari juu yake, William O. Douglas, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, akawaandikia wahariri akiwaalika watembee naye kijia chote kwa miguu kabla ya kuhukumu. Matembezi yalifanyika Machi mwaka huo kutoka Cumberland, watu tisa wakamaliza umbali wote, na gazeti likabadili msimamo. Mwaka 1971 mfereji ukawa hifadhi ya taifa ya kihistoria.

Douglas alikuwa na bahati moja kubwa, kwamba ardhi ya mfereji ilikuwa tayari mikononi mwa serikali. Njia za reli hazikuwa na ulinzi huo, kwa kuwa mara nyingi kampuni ya reli haikumiliki ardhi bali haki ya kupita tu, na treni zikikoma haki hiyo humrudia mwenye shamba, ukanda ukakatika vipande. Ukanda uliokatika ni vigumu mno kuunganishwa tena, na hapa ndipo penye kazi halisi ya njia za aina hii, maana kumwaga changarawe ni jambo la wiki chache. Mwaka 1983 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria ili njia ya reli inayoachwa iweze kuhifadhiwa kwa matumizi ya treni siku za usoni na, kwa muda, itumiwe na watembeao na waendesha baiskeli. Wenye mashamba walishtaki, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba Bunge lina mamlaka hayo, ila mwenye ardhi aweza kudai fidia serikalini. Malalamiko yao hayakuwa ya kupuuzwa.

Kipande cha kwanza cha njia ya Great Allegheny kilifunguliwa mwaka 1986 karibu na Ohiopyle, na cha mwisho, kilichobanwa kati ya viwanda na reli zinazofanya kazi kando ya Pittsburgh, kikafunguliwa 2013. Kwa anayetaka kuanzia Cumberland bila kupanda mlima wote, ipo treni ya kitalii inayopita sambamba na njia hadi Frostburg na kuchukua baiskeli. Na anayemalizia Washington huweza kurudi Pittsburgh kwa treni ya Amtrak, akitanguliza kuikatia baiskeli nafasi, juu ya reli ileile iliyoushinda mfereji.