Nyenje na Masikio ya Miguuni

Jua likiisha kutua na watoto wakiisha kula, ni nani kwenu asiyemsikia nyenje akilia nyuma ya nyumba? Wengi hudhani analia ovyo tu. Sivyo. Aliaye ni dume, akisugua mbawa zake za mbele moja juu ya nyingine, naye anaita mke. Jike hana wimbo. Kazi yake ni kusikiliza na kuja.

Masikio yake hayako kichwani. Yako katika miguu ya mbele, chini kidogo ya goti, nayo ni utando mwembamba uliowambwa kama ngozi ya ngoma. (Mwalimu aliye na kioo cha kukuzia aweza kuwaonyesha watoto.) Tena ndani ya mwili mna mrija wa hewa uunganishao mguu wa kuume na wa kushoto, wenye mlango ubavuni mwa kifua, hata sauti huufikia utando kwa nje na kwa ndani pia. Ndivyo mdudu mdogo kama huyu ajuavyo sauti yatoka upande gani.

Lakini je, jike hufuata sauti kweli, au harufu? Mwaka 1913 mwalimu mmoja wa mji wa Vienna, jina lake Johann Regen, alilijaribu neno hili kwa simu. Dume aliwekwa aimbe mbele ya simu, na jike akawekwa mbali naye, karibu na chombo cha kusikilizia. Hapakuwa na dume wa kuonekana wala wa kunuswa, ila sauti iliyopita katika waya. Jike akakiendea kile chombo.

Basi, wako nyenje warukao usiku, na huko angani yuko popo. Popo huwinda kwa sauti nyembamba mno. Sisi wanadamu husikia hata mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na sauti za popo wengi zapita hapo. Nyenje huzisikia, tena kwa masikio yale yale. Akimwendea popo akidhani ni mume, amekwisha. Na akikimbia kila sauti, atakufa bila mume wala watoto.

Katika chuo cha Cornell, Marekani, wenye elimu walimfunga nyenje wa visiwa vya Pasifiki kwenye waya, wakampulizia upepo hata akaruka papo hapo, wakamsikizisha sauti mbalimbali. Wito wa dume wa aina hiyo una mitetemo kama 5,000 kwa sekunde, akiusikia huugeukia. Akisikia sauti kama ya popo huikimbia. Mwaka 1996 walieleza kwamba mpaka uko kati ya 13,000 na 16,000: chini yake nyenje huja, juu yake hukimbia. Sisi hodi ikipigwa usiku wa manane twasimama nyuma ya mlango tukishauriana. Yeye hana shauri.

Na hukimbiaje? Mguu wa nyuma ulio upande wa mbali na popo huinuka ukaugusa ubawa, ubawa ule ukapungukiwa nguvu, na mwili wote ukapinda kwenda upande huo, kama mtumbwi upindavyo kwenda upande ambao kafi imezuiwa majini.

Kabla ya hapo, mwaka 1984, walikuwa wameonyesha kwamba amri hii hutoka katika chembe moja tu ya fahamu, kila upande wa mwili moja. Walipoitia umeme kidogo, nyenje arukaye aligeuka kana kwamba popo yupo, wala hapakuwa na sauti yo yote. Walipoizuia, hakugeuka hata sauti ilipopigwa. Lakini nyenje asiporuka, chembe ile ile ikitiwa umeme ule ule, hapati amri hiyo. Habari ya popo yamfikia vilevile, ila kugeuka huko ni kwa aliye angani.