Mnara Usio na Kengele

Sogeeni karibu, wajukuu wangu. Mjini Kericho kuna kanisa dogo la mawe la Waanglikana, Holy Trinity, na makaburi yako hapo hapo uwanjani. Waingereza walizoea hivyo kwao: kanisa katikati, wafu wakilizunguka.

Karne ya 19 viwanja vya makanisa Uingereza vikajaa. Wakafungua makaburi makubwa nje ya miji, na humo wakajenga vikanisa vya mazishi tu. Mara nyingi vilikuwa viwili, kimoja cha Waanglikana na kingine cha madhehebu mengine, maana hata maiti walitengwa! Kati yavyo waliweka tao pana, gari la farasi lililobeba jeneza lipite chini.

Kisha ukaja moto. Mwaka 1885, huko Woking, Uingereza, tanuri la kuchomea maiti likaanza kazi. Hapo wajenzi wakapata mtihani. Tanuri lataka dohani ndefu, na nani atamuaga mamake huku akitazama dohani kama ya kiwanda cha chai? Nendeni Golders Green, London, penye jengo la matofali mekundu lililofunguliwa mwaka 1902. Lina mnara mrefu ambao utadhani una kengele. Hauna. Dohani imefichwa humo ndani. Mimi nausifu ule mnara, kwani aliyeuchora aliwafikiria wafiwa kwanza.

Kwetu Kenya, Wahindu wana mahali pao pa kuchomea maiti Kariokor, Nairobi. Ndipo mwili wa Profesa Wangari Maathai ulipochomwa mwaka 2011, na Wakenya wengi wakashangaa. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, basi likasukwa kwa gugumaji, mianzi na mafunjo.

Na hapa Kericho na Bomet? Vikanisa vya makaburini ni adimu, kwa sababu mtu huzikwa kwao, shambani. Mchuma chai aliyetoka Kisii au Kakamega akifariki, wenzake huchanga nauli, mwili ukasafirishwa nyumbani. Jengo letu la kuagia ni turubai. Msilidharau. Vijana hulisimamisha asubuhi, wakaacha njia katikati ya viti ili jeneza lipite bila kugongana na watu, na wazee wakapewa upande wenye kivuli. Jioni linakunjwa. Kesho linahitajika boma jingine.