Udi Wako wa Kwanza: Fedha Uzipeleke Wapi

Watu wengi wakiamua kujifunza udi huenda dukani kabla ya kumtafuta mwalimu, na fedha karibu zote huishia kwenye ala. Mimi ningeanza na mwalimu. Udi hauna vijichuma shingoni kama vilivyo kwenye gita, vya kukuonyesha pa kubonyeza. Kidole kikisogea kidogo tu sauti inakwenda kombo, na anayeanza hana bado sikio la kulitambua hilo. Ndiyo maana video za mtandaoni, ambazo gharama yake ni bando tu, humfaa zaidi mpiga gita. Video haikusikii.

Tupige hesabu ya mfano. Mwalimu akitoza shilingi 15,000 kwa saa, somo la kila wiki ni 60,000 kwa mwezi. Ukisoma mara mbili kwa mwezi ni 30,000, na ukiongeza dakika 20 za mazoezi nyumbani kila siku, utamwacha mbali anayelipa 60,000 na kuugusa udi siku ya somo tu. Darasa la watu watatu huwa nafuu zaidi na hufundisha kwenda pamoja na mapigo, ila mkono wako hautatazamwa vya kutosha.

Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA, kinachofundisha udi, kanuni na fidla. Uzuri wa chuo ni kwamba unapata wenzako wa kupiga nao. Mpigaji wa kikundi cha taarabu anayefundisha nyumbani kwake ana hazina ya nyimbo, na bei yake huzungumzika. Lakini si kila fundi wa kupiga ni fundi wa kufundisha.

Mtazame mwalimu anavyofanya ukikosea. Mmoja atakupigia wimbo mzima upya, kisha akwambie ukajaribu. Mwingine atakusimamisha kwenye noti nne zinazokushinda, akuimbishe kwanza, halafu uzipige polepole, risha ya kupigia nyuzi ikishuka na kupanda kwa zamu, mpaka zitoke sawa mara kadhaa mfululizo. Hapo ndipo ataziunganisha na zilizotangulia. Huyu wa pili amekufundisha kufanya mazoezi, na hata akitoza zaidi, mlipe.

Ala yenyewe azima au kodi kwanza. Udi wa pambo wa duka la watalii uache hukohuko. Udi kwa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na mmoja wa besi. Vigingi visiposhika, muda wako utaishia kwenye kukaza nyuzi. Siku ya kununua nenda na mwalimu, akague vigingi, shingo kama imepinda, na nyuzi kama zimekaa juu mno. Bakiza fedha za seti moja ya nyuzi.

Kabla ya kulipia mwezi mzima, omba somo moja la majaribio. Likiisha, muulize mwalimu: kesho nyumbani nifanye nini, na vipi? Akikujibu "piga tu, utazoea", tafuta mwingine.