Tanzania: Chanjo ya UVIKO-19 na wahadhiri wanaotafuta kazi ng'ambo

Nchini Tanzania, mjadala kuhusu chanjo ya UVIKO-19 mwaka 2021 uliwagusa wahadhiri waliotafuta kazi katika vyuo vikuu vya ng'ambo.

Mnamo Januari 2021, Rais John Magufuli alizitilia shaka hadharani chanjo za kigeni. Baada ya kifo chake mwezi Machi, Rais Samia Suluhu Hassan alibadili mwelekeo, na tarehe 28 Julai alichanjwa hadharani jijini Dar es Salaam. Hata hivyo, shaka iliyokwisha kuota mizizi haing'oki kwa siku moja.

Kwa mhadhiri aliyepata mkataba nchini Marekani, shaka hiyo ilikuwa na gharama. Kuanzia tarehe 8 Novemba 2021 hadi mwaka 2023, wageni walioingia huko kwa ndege walitakiwa wawe wamekamilisha chanjo. Tanzania, sawa na Burundi, ilikuwamo katika orodha ya nchi zenye uhaba wa chanjo. Hivyo, raia wake mwenye viza ya kazi aliweza kusafiri bila kuchanjwa, mradi awe na cheti cha kipimo kilichofanywa siku moja kabla ya safari. Lakini aliyekusudia kukaa zaidi ya siku 60 hakuwa na budi kuchanjwa ndani ya siku hizo.

Msamaha huo, basi, uliahirisha uamuzi tu. Chanjo ya Johnson & Johnson iliyotolewa Tanzania ilikuwa ya dozi moja, na ilihesabiwa kuwa imekamilika baada ya siku 14. Aliyetaka kuwahi muhula ilimbidi aanze mapema.