Maneno ya Simu na Ulimi wa Kiongozi

Zamani habari ilifika kijijini kwa barua, kwa redio, au kwa mgeni aliyeshuka kwenye basi. Mgeni tulimwuliza: umeona mwenyewe au umeambiwa? Siku hizi habari inaingia mfukoni. Inaingia hata usiku wa manane, wala hakuna wa kumwuliza. Ndugu wasomaji, leo tueleze jinsi maneno yanavyosafiri kwenye simu, na kwa nini ya kiongozi yanafika mbali kuliko yetu.

Tuanze na hesabu. Chukua kalamu. Umepata habari kwenye WhatsApp, ukaituma kwa watu 5. Kila mmoja naye akaituma kwa wengine 5. Hao ni 25. Wakituma tena ni 125. Halafu 625. Mara ya tano ni watu 3,125. Hapo hatujahesabu makundi, yaani zile grupu, na grupu moja linaweza kuwa na watu 1,024. Wewe ulibonyeza mara moja tu, ukaenda zako kupalilia.

Je, habari ya simu inaweza kuua? Inaweza. Mwaka 2018 huko India zilienea habari kwenye simu kwamba kuna watu wanaiba watoto. Tarehe 1 Julai, wanaume 5 walifika katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra. Walikuwa wa jamii ya watu wanaohamahama na kuishi kwa kuomba. Watu wakawashuku kuwa ndio wezi wa watoto. Wakawapiga mpaka wakafa wote watano. Hawakuwa wezi wa watoto.

Mwezi huohuo WhatsApp walitangaza kikomo kwa India: ujumbe ulioletewa usiweze kuurusha sehemu zaidi ya 5 kwa mara moja. Januari 2019 kikomo hicho kikawa cha dunia nzima. Aprili 2020, wakati wa korona, wakabana zaidi. Ujumbe uliokwisha kurushwa mara nyingi sasa unakwenda sehemu moja tu kwa mara moja, na una alama ya mishale miwili. Ukiona mishale hiyo, ujue aliyekuletea siye mwenye habari. Hata aliyemletea yeye siye.

Wengi husema, "Mimi nimeletewa tu, sikutunga." Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilipotungwa iliweka adhabu kwa anayetoa habari akijua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha watu: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Sheria hiyo inamtazama aliyejua. Lakini wale watano wa Rainpada wangepona vipi kwa sababu mrushaji hakujua?

Sasa viongozi. Oktoba 2022, Muhoozi Kainerugaba alikuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu la Uganda. Ni mtoto wa Rais Museveni. Aliandika kwenye Twitter, mtandao ambao sasa unaitwa X, kwamba yeye na jeshi lake hawatachukua hata wiki mbili kuiteka Nairobi. Wakenya wengine walicheka, wengine walikasirika. Mwananchi wa kawaida angeandika vile, nani angeshtuka? Lakini huyu ana askari. Ilibidi Rais mwenyewe aandike kuwaomba Wakenya radhi, akasema si sawa ofisa wa umma kuingilia mambo ya ndani ya nchi jirani. Mwanawe akaondolewa katika ukuu ule. Ila wakati huohuo akapandishwa cheo kuwa Jenerali kamili! Rais alieleza kwamba kosa lilikuwa moja, na mazuri yake ni mengi. Machi 2024 akawa Mkuu wa Majeshi.

Sisi tunaona kuomba radhi kulikuwa jambo la heshima. Cheo ndicho kinachotutatiza. Kijana aliyeona radhi na cheo vikija pamoja, atashika lipi?

Huku kwetu hakuna majenerali. Yuko mwenyekiti, yuko mtendaji, yuko mwalimu mkuu na katibu wa ushirika. Wakirusha neno, watu hulichukua kama tangazo lenye mhuri. Kiongozi akirusha kwamba mbolea ya ruzuku imefika, mama anatoa nauli ya bodaboda kwenda mjini, anakuta ghala limefungwa. Au anaweka kwenye grupu majina ya wasiolipa mchango, na baba mtu mzima anasomwa mbele ya wakwe zake. Deni hilo lina daftari lake ofisini. Na siku kiongozi akimtukana mtu kwenye grupu, kesho yake vijana watatukana kumzidi.

Kiongozi akikosea, kufuta hakutoshi. WhatsApp inaruhusu kufuta ujumbe kwa wote kwa muda wa siku mbili na kidogo tu. Tena waliokwisha kuurusha kwingine, huko unabaki. Inafaa aandike mlemle alimokosea, kwa jina na cheo chake: "Tangazo la jana la mbolea halikuwa sahihi. Mbolea haijafika. Aliyelipeleka kwingine apeleke na hili."