Ndege wako Itombwe, watalii wako Bwindi

Mwanzoni mwa mwaka 2024, picha ya ndege mmoja mweusi mwenye kilemba cha manjano ilizunguka dunia. Ndege huyo, ambaye wataalamu wanamwita Prionops alberti, alikuwa hajaonekana na watafiti kwa karibu miaka 20, na hakuna aliyekuwa amewahi kumpiga picha. Alipatikana katika milima ya Itombwe, Kivu Kusini, na kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, Marekani, pamoja na wenzao Wakongomani wa kituo cha utafiti cha Lwiro. Walizunguka milimani kwa wiki sita, wakatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 100, wakahesabu ndege 18 wa aina hiyo.

Kwa mkaaji wa Mwenga ama wa Fizi, habari hiyo inaweza kuonekana ndogo. Ndege ni ndege. Lakini Ulaya na Marekani kuna watu, wengi wao wazee waliokwisha kustaafu, wanaoweka akiba ili siku moja waone ndege wa namna hiyo kwa macho yao wenyewe. Picha kama ile inawaletea swali moja tu: mtu anafika huko namna gani? Na jibu, kwa sasa, ni kwamba hafiki.

Utalii wa ndege haufanani na ule wa gorila. Kwa gorila, mgeni analipa, anapanda mlima, anapewa saa moja ya kuwatazama, anashuka. Rwanda inamlipisha dola 1500, Uganda dola 800. Mtazamaji wa ndege ana mwendo mwingine. Anakuja katika kikundi cha watu sita ama wanane, anakaa wiki mbili ama tatu, anaamka kabla ya jua, na asubuhi nzima inaweza kuisha akiwa ametembea kilomita mbili tu. Kikundi kikizidi hapo, wa nyuma hawaoni kitu, na kelele za viatu zinafukuza ndege. Jioni wanakaa mezani na daftari, wanapitia orodha ya siku: aina ngapi zimeonekana, ngapi zimesikika tu.

Katika safari hiyo, anayewaongoza ndiye kila kitu. Ndani ya msitu mnene ndege husikika kwanza, kisha, ukiwa na bahati, huonekana. Mwenye kutofautisha sauti mia tatu anastahili mshahara mzuri, na anaupata. Zaidi ya hapo kuna dereva, mpishi, wabeba mizigo, mwenye nyumba ya kulala wageni, mama anayeuza maparachichi na mayai. Na kwa kuwa ndege wanaotafutwa hawakai pahali pamoja, pesa hizo zinafika hata kwenye kijiji ambacho hakijawahi kuona gorila.

Uganda imelielewa jambo hilo zamani. Katika kinamasi cha Mabamba, karibu na Entebbe, kunaishi ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mfano wa kiatu. Wavuvi wa pale walikuwa wakimchukia: waliamini kwamba mtu akikutana naye, siku hiyo hapati samaki. Leo wavuvi haohao wanapakia wageni katika mitumbwi, wanawapeleka kumtafuta, na wanalipwa. Ndege huyohuyo anaishi pia katika mabwawa ya Upemba, Katanga. Ni wachache sana wanaokwenda kumtafuta huko.

Lakini mfano unaouma zaidi uko Bwindi. Kuna ndege mdogo wa kijani mwenye koo la buluu, aliyepewa jina la Rudolf Grauer, mtu wa Austria aliyemkusanya katika milima iliyo magharibi ya ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Alitambulishwa kwa wataalamu mwaka 1909. Mpaka leo duniani kote anajulikana katika pahali pachache tu: Itombwe, milima ya Kahuzi, na Bwindi. Sehemu kubwa ya makao yake iko kwetu. Hata hivyo, mgeni akitaka kumwona, anapelekwa Bwindi, anateremka kwa miguu mpaka kinamasi cha Mubwindi, na dola zake zinabaki Uganda. Kwa upande wa Rwanda ni vilevile. Kutoka Bukavu, ukivuka Ruzizi na kupita Kamembe, unafika msitu wa Nyungwe kabla ya saa sita. Wengi wa ndege wanaoonyeshwa pale ni wale wale wanaoimba Tshivanga.

Itombwe peke yake ina aina zaidi ya 560 za ndege. Ni misitu michache sana ya Afrika inayoweza kujilinganisha nayo.

Kwa nini basi njia inapita ng'ambo? Sababu ya kwanza kila mtu anaijua. Parki ya Kahuzi-Biega iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 1997, na haijatoka. Virunga ilifunga milango mwaka 2018, baada ya mlinzi mmoja kuuawa na watalii wawili Waingereza kutekwa. Ilifungua tena mwaka uliofuata, kisha korona ikaja. Mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili. Katika nyanda za juu za Itombwe makundi yenye silaha hayajaondoka kwa miaka mingi. Serikali ya nchi ya mgeni ikishaandika kwamba asiende, bima yake ya safari mara nyingi haimlindi tena, na hakuna kampuni ya safari itakayompeleka bila bima.

Lakini vita si jibu la kila kitu. Hata katika miaka ya utulivu, wageni wa Tshivanga walikuja kwa ajili ya gorila, nao ndege walikuwa nyongeza ya njiani. Na swali la nani angewaongoza watazamaji wa ndege lilikuwa bado halijajibiwa.

Wanaojua wapo. Historia yenyewe inaonyesha hivyo. Mwaka 1913, Mmarekani James Chapin aliona pale Avakubi, kwenye mto Ituri, unyoya wa ajabu katika kofia ya mkaaji mmoja. Hakuweza kuutambua. Ilimchukua mpaka mwaka 1936, alipokuta ndege wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, wakiwa na kibandiko kinachosema ni tausi wa kutoka Asia. Hapo akaelewa kwamba Kongo ina tausi wake. Wazungu walishangaa sana. Yule aliyevaa ile kofia hangeshangaa. Nani aliandika jina lake?

Ndivyo ilivyokuwa Itombwe pia. Alexandre Prigogine, aliyefanya kazi katika migodi ya Kamituga, alikusanya ndege wengi wa milima hiyo, na baadhi yao wanaitwa kwa jina lake katika vitabu vya dunia nzima. Ndege hao walikuwa na majina kabla yake, kwa Kirega, kwa Kibembe, kwa Kifuliru. Majina hayo yako vinywani mwa wazee, na kila mwaka yanapungua.

Kuna tena Wambuti na Batwa, ambao ujuzi wao wa msitu hakuna shule inayoutoa. Batwa wa Kahuzi-Biega walifukuzwa katika ardhi yao ilipofanywa parki, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua, katika hukumu iliyotangazwa mwaka 2024, kwamba haki zao zilivunjwa. Mtu akizungumza juu ya utalii wa ndege Kivu bila kusema Batwa watapata nini, wakiwa waongozaji na si wabeba mizigo tu, anajenga nyumba juu ya kesi ambayo haijaisha.

Kusema ukweli, ndege hawatashindana na dhahabu. Kijana wa Kamituga anayetafuta pesa ya leo hawezi kuambiwa angojee mtalii wa mwaka kesho kutwa. Na kasuku wa kijivu bado ananaswa na kuuzwa, ingawa biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini ilikatazwa mwaka 2016. Mtu anauza kasuku mara moja tu. Wavuvi wa Mabamba wanamwonyesha ndege uleule kila wiki.

Hata hivyo, kuna kazi isiyongojea amani wala watalii. Simu ya kawaida inatosha kurekodi sauti alfajiri. Daftari linatosha kuandika jina la kienyeji, pahali na tarehe. Lwiro kuna watafiti wanaoweza kuliunganisha jina la Kirega na lile la kilatini. Safari ya 2024 imekwisha kuonyesha hivyo. Kijana atakayefanya kazi hiyo miaka mitatu, siku njia zitakapofunguka, hatahitaji kampuni ya Kampala kumletea mtu wa kuongoza wageni katika msitu wa babu yake.

Na wageni watakuja na orodha mkononi. Juu kabisa ya orodha hiyo kutakuwa na bundi mmoja. Alikusanywa mara ya kwanza Itombwe, pahali panapoitwa Muusi, mwaka 1951. Mwaka 1996 mwingine alinaswa katika wavu wa watafiti, wakampiga picha, wakamwachilia arudi gizani. Katika vijiji vya huko, kama kwingi Kongo, bundi akilia usiku juu ya paa watu wanamfukuza kwa mawe, wakisema ni wa wachawi.